Uongo wenye muhuri

Mtu akidanganya kwa mdomo, Makunduchi kwetu tunamwita muongo na yanaisha. Akidanganya kwa maandishi, akapata kazi au kiwanja, tunamwita mjanja. Sheria haimwiti hivyo. Zanzibar tuna Sheria yetu ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018, na wenzetu wa Bara wana Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Zote mbili zinaadhibu kughushi nyaraka, kuapa uongo, na kumpa mtumishi wa umma habari ambayo mwenyewe unajua si ya kweli.

Tusiyachanganye haya. Aliyetengeneza cheti bandia kaghushi. Aliyechukua fomu halali kabisa, akaijaza kwa mkono wake kuwa ameishi shehia hii miaka mitano ilhali kaja mwezi uliopita, hakughushi kitu. Fomu ni ya kweli, uongo umo ndani yake. Huyu wa pili ndiye tunayemwonea huruma zaidi, na mimi nasema ndiye aliye wengi.

Sasa wenzangu, tukumbuke mwaka 2017. Tarehe 28 Aprili, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Vilihakikiwa vyeti vya watumishi 400,035. Walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932. Vyeti vya wengine 11,596 havikukamilika. Halafu kuna hesabu moja ambayo magazeti hayakuikalia sana, nayo mimi ndiyo iliyonikaa kichwani: vyeti 1,538 vilikuwa vinatumiwa na watu 3,076. Yaani cheti kimoja, watu wawili, mishahara miwili. Dada kafaulu, mdogo wake kafeli, jina moja likawasomesha na kuwaajiri wote wawili.

Kuna wanaosema hapo hakuna aliyeumia. Yupo. Yupo kijana aliyefaulu kweli, akaomba nafasi ile ile, akajibiwa nafasi zimejaa. Jina lake halimo katika ripoti yoyote, kwa sababu aliyenyimwa hahakikiwi. Ndiyo maana sikubaliani na lugha ya "ujanja". Uongo wa kuandika unamwibia mtu asiyejua hata kama kaibiwa.

Lakini sikubaliani pia na namna tulivyoadhibu. Wale 9,932 walitakiwa waondoke wenyewe kazini, na watakaokaidi wafikishwe mahakamani. Wengi wakafunga virago. Baadhi walikata rufaa, ikaonekana vyeti vyao ni halali, wakarudishwa. Hilo peke yake lingetosha kutuonya: orodha si hukumu. Mahakamani mshitakiwa angeulizwa maswali, naye angepata nafasi ya kusema. Angesema nani alimuuzia cheti. Angesema ni ofisa gani aliyegonga muhuri wa "nakala halisi" bila kuiona nakala halisi. Walipoondoka kimya kimya, waliondoka na majina ya wote waliowasaidia.

Jengine ni hili. Serikali ilieleza wakati ule kuwa uhakiki haukuwahusu viongozi wa kisiasa, wakiwemo wakuu wa mikoa na wilaya, kwa hoja kwamba sifa inayotakiwa kwao ni kujua kusoma na kuandika. Hoja hiyo haijibu swali. Hatukuuliza kama mkuu wa wilaya anahitaji cheti cha kidato cha nne. Tuliuliza kama alichoandika kwenye karatasi zake ni kweli. Kazi yako isipohitaji cheti, na wewe ukaandika kuwa unacho, uongo ni ule ule. Mlinzi wa ofisi na mkubwa wa ofisi wote wana mkono mmoja wa kusaini.

Mei Mosi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye ni mzaliwa wa huku huku Makunduchi, alitangaza kuwa walioondolewa kwa vyeti feki warejeshewe michango ya mifuko ya jamii waliyokatwa kwenye mishahara yao. Watu walibishana vibarazani: je, tunawapa zawadi wahalifu? Hapana. Alifundisha, darasa likafundishwa. Alikatwa fedha, fedha zikakatwa. Kumwadhibu mwizi si ruhusa ya kumwibia. Ila kurudisha fedha bila kurudi kwenye mlolongo wa waliogonga mihuri ni kumaliza nusu ya kazi.

Sasa tushuke mpaka kwenye shehia, maana huko ndiko karatasi inakozaliwa. Zanzibar, barua ya sheha inakwenda kila mahali: kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, mkopo, dhamana polisi, uhamisho wa mtoto skuli. Bila kitambulisho huandikishwi kupiga kura, na mwaka 2009 uandikishaji uliwahi kukwama Pemba kwa ugomvi wa nani anacho na nani hana. Barua ya mistari minne inaweza kukufanya raia au mgeni kijijini kwenu. Kwa hivyo sheha anayeandika "namfahamu" kwa mtu asiyemfahamu, au "simfahamu" kwa mtoto wa jirani yake, anafanya kosa lile lile la uongo wa maandishi, tena yeye analifanya kwa muhuri. Je, umesikia mara ngapi muhuri ukishitakiwa?

Na kuna uongo ambao fomu yenyewe inautunga. Mzee mmoja wa ukoo wetu anajua vizuri sana lini kazaliwa: "Mwaka Kogwa wa pili kabla ya Mapinduzi." Kwa mtu wa Makunduchi hiyo ni tarehe kamili. Lakini fomu inataka siku na mwezi, na karani hakuwa na pahala pa kuandika Mwaka Kogwa. Akaandika tarehe 1 Januari. Mzee akatia dole gumba chini ya maneno "nathibitisha kuwa maelezo haya ni kweli". Kisheria mzee hana kosa, kwa sababu kosa linataka ujue kuwa unadanganya. Lakini tazama alichofundishwa pale mbele ya meza: kwamba ofisini hawataki ukweli, wanataka nafasi zijazwe. Mjukuu aliyesimama pembeni amelipata somo hilo. Kesho atajaza zake.

Mimi nadhani yako mambo matatu yanayowezekana. Kwanza, kila anayethibitisha nakala au ukaazi aandike jina lake kamili chini ya muhuri, na uongo ukigundulika aitwe yeye pamoja na mwombaji. Pili, fomu za serikali ziwe na nafasi ya kuandika "takriban" na "sijui". Ukweli usiokamilika ni bora kuliko uongo ulionyooka. Tatu, uhakiki wa aina yoyote uanzie juu. Ukianzia chini huwa haufiki juu.

Najua wapo watakaosema, "Kijana, wewe una digrii yako, ndiyo maana unasema." Sawa, ninayo. Na aliyekaa nami darasa moja anayo pia, na bado anazunguka Darajani na bahasha ya vyeti vyake halali. Kwake yeye, kila cheti cha kuazima kilichopo ofisini ni mlango uliofungwa. Tukimwita mwenye cheti hicho mjanja, huyu wa Darajani tumwite nani?