Umoja wa Visiwani Usiwe Hisani ya Mshindi

Anayetaka kujua jinsi Wazanzibari walivyogawanyika, na aanze na hesabu za kura kabla hajasikiliza hotuba ya mtu yeyote. Mwezi wa Januari 1961 viti 22 vya Baraza la Kutunga Sheria viligawika 11 kwa 11, hata serikali ikashindwa kuundwa; uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na katika fujo zilizozuka watu 68 wakapoteza roho zao. Mwaka 1963 chama cha Afro-Shirazi kikapata takriban asilimia 54 ya kura zote lakini kikaambulia viti 13 katika 31, na dola iliyokabidhiwa uhuru tarehe 10 Desemba juu ya msingi huo ikapinduliwa kabla ya kufika arubaini yake. Vyama vingi viliporejea, mwaka 1995, mshindi wa urais akatangaziwa asilimia 50.2 na mshindani wake 49.8. Majina ya vyama yamebadilika, waliokuwa vijana wamekuwa mababu, na mizani ni ile ile.

Katika nchi ya mizani kama hii, kanuni ya mshindi kutwaa yote, ambayo yamkini kwingineko ni insafu kwa kuwa wa leo juu huwa wa kesho chini, maana yake ni kuwafanya nusu ya raia wageni katika nchi waliyozaliwa. Waliozikuta zile zinazoitwa Zama za Siasa, za kabla ya uhuru, na waliokuwapo miaka ya tisini, hawahitaji kusimuliwa: siasa iliingia hadi jikoni, mtu akapita duka la jirani yake kwenda kununua mbali, harusi zikasusiwa, na, jambo lililo zito zaidi kwa Waislamu, hata mazishi yakatazamwa kwa jicho la chama. Wa chama tawala walikuwa na baraza yao Kisonge na wapinzani yao Jaws Corner, na kahawa, ambayo ni ile ile chungu kote kuwili, nayo ikawa na itikadi.

Viongozi walijaribu kuitibu hasama hii kwa muafaka, wa kwanza mwaka 1999 na wa pili Oktoba 2001, huu wa pili ukija baada ya damu kumwagika mwezi wa Januari, na baada ya watu wapatao 2,000 kuvuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Yote miwili ilikuwa mikataba ya vyama, iliyotiwa saini mchana mbele ya wageni na kufasiriwa usiku kila mtu kwa faida yake. Kilichofaulu kiliitwa maridhiano, nami sidhani kwamba jina lile lilichaguliwa kwa bahati, kwani watu huweza kuafikiana juu ya karatasi ilhali nyoyo zimekunjana, lakini hawaridhiani ila kila mmoja awe ameona kwamba haki yake imo. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, walikutana Ikulu. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wenyewe wakaulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi wa miezi mitatu baadaye ulitoa tofauti isiyozidi kura elfu nne, na juu ya hayo watu wakalala majumbani mwao kwa amani.

Wako wanaosema kwamba serikali ya pamoja huupunguza nguvu upinzani na kuichelewesha kazi, na sitawabishia kwamba mawaziri wa vyama viwili huenda polepole. Lakini wanaojali mamlaka ya ndani ya Zanzibar mbele ya Muungano na waitazame upya yale marekebisho ya kumi ya Katiba ya mwaka 2010, maana marekebisho yaliyoasisi serikali ya umoja ndiyo hayo hayo yaliyoandika kwamba Zanzibar ni nchi, mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Neno hilo lisingepita katika Baraza la Wawakilishi lililogawanyika. Visiwa vinavyogombana vyenyewe kwa vyenyewe havina sauti ya kujadiliana na Bara, kwa kuwa kila upande huwa unamtafuta Bara amsaidie dhidi ya mwenzake. Na mamlaka ya ndani ambayo wenyewe hawawezi kuyashika kwa mikono miwili huwa ni jina tu.

Ila jengo lile liliachwa na ufa. Tarehe 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliyafuta matokeo ya uchaguzi wa mwezi huo. Marudio ya Machi 2016 yalisusiwa na CUF, mshindi akapata asilimia 91.4, hapana chama kingine kilichofikia asilimia 10 iliyowekwa na Katiba ili kutoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na kiti hicho kikabaki kitupu hadi Desemba 2020. Kwa kura iliyosusiwa mara moja, uamuzi wa theluthi mbili ya wananchi ukawekwa kabatini miaka minne na ushei. Na hata kiti kilipokuwa na mtu, mwenyewe alikuwa mshauri wa Rais, akipewa mambo kama mazingira na vita dhidi ya dawa za kulevya, ilhali mawaziri wa chama chake wakiteuliwa na mkono wa Rais. Mshauri ni mtu wa heshima. Mshirika ni mtu ambaye bila ya idhini yake jambo haliendi. Nionavyo mimi, tume inayosimamia kura haina budi kuundwa kwa ridhaa ya pande zote mbili, majina ya mawaziri yatoke kwa chama chenye haki ya viti hivyo, na ile asilimia 10 isiwe mlango wa kuutolea umoja nje.

Maalim Seif alifariki tarehe 17 Februari 2021 akiwa Makamu wa Kwanza, akazikwa kwao Mtambwe. Wengi walihofu kwamba umoja utazikwa naye. Chama alichokuwamo wakati huo kikapeleka jina, Rais akateua, na mwanzoni mwa Machi Othman Masoud Othman akala kiapo. Kiti hakikukaa wazi hata wiki tatu, wala hapakuhitajika wakubwa wawili kukutana faragha Ikulu, kwa kuwa jambo hilo moja lilikuwa limekwisha kuandikwa.