Mshale au taa? Tazama tablo mbele ya kupanda Ngomo

Ndugu mfanyakazi, kazini huwashi mashine bila kusoma vipimo vyake. Lakini siku ya konji unapakia bibi na watoto katika gari ulilonunua juzi, unatoka Uvira kwenda Bukavu, na tablo hujaitazama.

Toyota si zote sawa. Corolla ya miaka ya 1980 ina mshale wa joto la moteri: unauona ukipanda polepole, unapata nafasi ya kusimama. Vitz, iliyotoka 1999, ina taa mbili tu: ya bluu moteri ikiwa baridi, nyekundu joto likiisha kupita kiasi. Katikati, kimya. Kwangu mimi huo ni upungufu, hata kama gari ni jipya zaidi.

Uvira iko karibu mita 770, Bukavu karibu mita 1 500, na mlima wa Ngomo ndio unaochosha moteri. Ukifungua kontakti, taa nyekundu iwake kidogo kisha izimike. Isipowaka kabisa, usipande: pengine imekufa. Ikiwaka njiani, simama, zima moteri, ngoja. Kifuniko cha radiatere usikifungue kikiwa moto. Maji huruka usoni, na mara nyingi mtoto amesimama hapo karibu, anatazama.