Kamera humwona mtu, lakini haimjui

Mfanyabiashara anayetoa bidhaa Kampala kuzipeleka Nairobi hupita mbele ya kamera nyingi. Nairobi ilianza mradi mkubwa wa kamera za usalama mwaka 2014. Mwaka 2019, polisi wa Uganda walithibitisha mpango wa Dola za Marekani milioni 126 wa kufunga kamera za Huawei zenye uwezo wa kutambua sura.

Mifumo hiyo hufanya kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya.

Ya kwanza ni kugundua kwamba kwenye picha kuna mtu. Kwa kompyuta, picha ni namba za mwanga na giza tu. Mwaka 2005, watafiti Navneet Dalal na Bill Triggs, wakiwa Ufaransa, walionyesha kuwa mpangilio wa kingo za umbo, kama mabega na miguu, unaweza kumtofautisha mtu aliyesimama na vitu vingine. Programu za leo hujifunza zenyewe kutokana na maelfu ya picha. Kazi hii hufaa kuhesabu watu kwenye foleni, na haihitaji jina la mtu.

Ya pili ni kusema mtu huyo ni nani, kwa kulinganisha sura yake na picha zilizohifadhiwa. Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2019, NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikuta kuwa programu nyingi hufananisha kimakosa sura za watu wenye asili ya Afrika na Asia mara 10 hadi 100 zaidi ya za Wazungu, kutegemea programu.

Kwa mwenye lori la nyanya, kufananishwa na mtuhumiwa hata kwa nusu siku ni hasara asiyolipwa na mtu.

Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda 2021 na Tanzania 2022. Sheria ya Kenya inampa mtu haki ya kupinga uamuzi mzito uliofanywa na mashine peke yake, ingawa usalama wa taifa umewekewa msamaha.

Tatizo ni kwamba kila nchi ina ofisi yake ya malalamiko. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 iliweka maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja mpakani. Paa hilohilo linahitaji dawati moja ambapo ofisa atakagua pasi na kusahihisha kosa la kamera kabla mzigo haujaoza.