Mazungumzo ya Kanyakine: Picha za Mfululizo na Mkasi wa Fundi

Wahenga walinena kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Neno hilo lilinenwa juu ya vyombo vya baharini, lakini juma hili nataka kulipandisha hadi huku kwetu, miteremkoni mwa Mlima Kenya, nilitumie juu ya sinema. Nakusudia zile picha za zamani za hatari na ushujaa ambazo vijana wetu huzitazama katika simu zao. Mtu hutazama picha ya saa moja na nusu akidhani kwamba ilizaliwa hivyo. Kumbe nyingine ilizaliwa ikiwa na urefu wa saa nne au zaidi, kisha ikakatwa, ikashonwa upya na kupewa jina jingine.

Yafaa kwanza tujue asili ya jambo hili. Tangu siku za picha zisizosema mpaka mwaka 1956, makampuni ya Marekani yalitengeneza hadithi zilizogawanywa katika sehemu nyingi, mara nyingi 12, 13 au 15. Kila juma ilionyeshwa sehemu moja, yapata dakika 15 au 20, pamoja na picha kubwa ya siku hiyo. Mwisho wa kila sehemu shujaa aliachwa kinywani mwa mauti: gari lake latumbukia gengeni, au nyumba aliyofungwa ndani yake yateketea. Watazamaji walirudi nyumbani roho juu, na juma la pili wakatoa senti zao tena. Hapo walionyeshwa kisa kile kile, ila sasa kimeongezwa kipande ambacho awali kilifichwa: kumbe shujaa aliruka kabla gari halijaanguka! Hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe, nao watu waliipenda.

Lakini mali ya namna hiyo ilikuwa na shida yake. Mfululizo ukiisha kuonyeshwa, ni nani atakayeununua tena? Ndipo wenye mali walipomwita fundi wa kuunganisha picha. Mwaka 1936 ilitoka hadithi ya Flash Gordon yenye sehemu 13, na mchezaji wake mkuu alikuwa Buster Crabbe. Ilikatwa ikawa picha moja iitwayo Rocket Ship. Mfululizo wake wa pili, wenye sehemu 15, ulitoka mwaka 1938, na mwaka huo huo ukafupishwa ukaitwa Mars Attacks the World. Tarzan naye hakusalimika. Mfululizo wa mwaka 1935 wenye sehemu 12, ambao sehemu yake kubwa ilipigwa nchini Guatemala, ulitoa pia picha ya Tarzan and the Green Goddess ya mwaka 1938.

Karani yeyote aliyewahi kuandika muhtasari wa mkutano ataielewa kazi ya fundi huyu. Watu wamesema tangu asubuhi hadi jua la alasiri, naye ana kurasa mbili tu. Huondoa yaliyorudiwa, na hilo ni haki. Lakini baada ya hapo lazima achague: aondoe maneno ya nani, na abakize ya nani? Fundi wa sinema huondoa kwanza marudio ya kila juma. Kisha, kwa kuwa bado picha ni ndefu, hukata mazungumzo, safari na watu wadogo wa hadithi, akabakiza mapigano. Atazamaye hushangaa kuona mtu amejeruhiwa bila kupigwa, au adui ametoweka bila kufa. Si uchawi, ni mkasi.

Sasa tuje kwenye jambo linalotugusa sisi. Mwaka 1942 kampuni ya Republic ilitoa mfululizo wa sehemu 15 uitwao Perils of Nyoka. Ndiyo, wasomaji, Nyoka ndilo jina la binti shujaa wa hadithi, na sijui kama yuko mzazi wa Kimeru au wa pwani ambaye angekubali kumwita bintiye hivyo! Mwaka 1966 Republic ilikusanya mifululizo yake 26, ikaikata kila mmoja uwe wa dakika 100 hivi, ili iuzwe kwa vituo vya televisheni. Nyoka wa saa nne akawa picha moja, Nyoka and the Lost Secrets of Hippocrates. Darkest Africa ya mwaka 1936 ikawa Batmen of Africa. Panther Girl of the Kongo ya mwaka 1955 ikawa The Claw Monsters.

Hiyo ya mwisho yastahili kutazamwa kwa makini. Ili kupunguza gharama, wenye kuitengeneza walichukua vipande vya mfululizo wa zamani, Jungle Girl wa mwaka 1941, wakamvika mchezaji wao mpya, Phyllis Coates, mavazi yanayofanana na ya mwenziwe wa kwanza ili macho yasitambue tofauti. Kwa hiyo The Claw Monsters ni kiraka juu ya kiraka. Na hiyo Kongo yenyewe ilikuwa wapi? Ilikuwa Marekani, katika jimbo la California.

Pengine mtu atasema kwamba mambo hayo ni ya wageni, hayatuhusu. La, yatuhusu sana. Mwaka 1929 watu wa kampuni ya MGM walikuja Afrika ya Mashariki kupiga Trader Horn, picha iliyotolewa mwaka 1931. Walipita Kenya na Tanganyika, wakafika hadi maporomoko ya Murchison katika Uganda, na Mwafrika aliyeitwa Mutia Omoolu akapewa mchezo mkubwa ndani yake. Vipande vilivyobaki havikutupwa. Mwaka 1932 viliingizwa katika Tarzan the Ape Man. Hali kadhalika, King Solomon's Mines ya mwaka 1950 ilipigwa katika nchi zetu hizi, na mwaka 1959 picha zake zikatumiwa tena katika Watusi. Wanyama wetu, mito yetu na watu wetu waliopita mbele ya kamera siku moja waliingizwa katika hadithi ambazo hawakuambiwa kamwe. Yule aliyecheza ngoma kwa furaha aweza kuunganishwa na mzungu anayekimbia kwa hofu, na ulimwengu wote ukaamini kwamba ngoma ile ilikuwa ya kumwua.

Tena tukumbuke kwamba mkasi wa fundi haukuwa peke yake. Katika Kenya ya ukoloni wakaguzi wa serikali waliweza kuruhusu picha kwa watu wengine na kuwakataza Waafrika. Vijijini sinema ilifika kwa gari la serikali, ikafungwa shuka jeupe, na watu wakaonyeshwa habari za kilimo na afya. Gari lisilojulikana litarudi lini haliwezi kuonyesha hadithi ya majuma 15. Mtu wa shamba alipata kile kilichokatwa tayari, mara nyingi bila kuambiwa kwamba kimekatwa.

Hata hivyo nisieleweke kwamba mkasi ni adui. Mkulima wa kahawa apogoaye miti yake hauchukii mti. Mfululizo uliofupishwa umewafikia watu wengi ambao wasingeketi saa nne. Na siku hizi sisi wenyewe tumeshika chombo. DJ Afro amejulikana katika Kenya nzima kwa kuzisimulia picha za kigeni kwa lugha ya mitaa yetu, na huko Tanzania marehemu Lufufu alifanya kazi kama hiyo kwa Kiswahili. Hao nao huzigeuza hadithi za watu, lakini hufanya hivyo waziwazi, sauti yao ikisikika tangu mwanzo hadi mwisho. Tofauti ni kubwa kati ya mshonaji aonyeshaye mshono wake na yule aufichaye.

Wazee wa Njuri Ncheke wakiketi kusikiza shauri, hawatosheki na kipande kimoja cha maneno. Hutaka kujua jambo lilianzia wapi. Nasi tuwafundishe watoto wetu desturi hiyo mbele ya kioo cha simu. Wakitazama picha yoyote, ya zamani au ya jana, wajiulize mambo matatu: ilipigwa wapi kwa kweli, imekatwa na nani, na ni nani ambaye maneno yake yameondolewa. Atakayezoea kuuliza hivyo juu ya Tarzan hatashindwa kuuliza hivyo siku atakapoletewa kipande kifupi cha hotuba ya mgombea kura, au cha ugomvi wa jirani yake, na kuombwa akasirike mara moja.