Mkono Unaoinama
BARAZANI na Salma Khamis Haji

Kandambili ilinikatika uani, nikainama kuiokota. Kuinua kichwa, mbwa hayupo. Nilimkuta nyuma ya pipa la maji, kaufyata mkia, mkojo umemtoka. Hapo ndipo nilipojua nimemleta nani Fuoni: mbwa koko wa pwani, aliyefunzwa na watoto wa Unguja kwamba mtu akiinama, jiwe linafuata.

Nilimchukua Bububu siku tatu baada ya Idi, mguu umevimba. Nikamwita Tende, kwa rangi yake. Bibi jirani akachungulia ukutani: "Salma mwanangu, umekosa paka?"

Haki yake. Mji Mkongwe paka hulala hata kwenye meza za samaki, hakuna anayewabughudhi. Mbwa hana baraza. Sisi Mashafii mate ya mbwa kwetu ni najisi nzito, na sibishani na masheikh. Lakini najisi hiyo huoshwa kwa maji na udongo, sijasikia ikioshwa kwa mawe. Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo la mnyama aliyefunzwa, na wasasi wetu wa shamba waliposaka nguruwe wanaomaliza mihogo hawakwenda na paka.

Siku kumi za mwanzo sikumgusa. Nilikaa kwenye mbuzi nikikuna nazi, nimempa ubavu, simtazami machoni. Jioni namwekea chakula, naondoka. Waliniambia nitumie fimbo. Fimbo kaijua kabla yangu, jamani!

Kisha nikaanza kuinama. Nainama, naacha kichwa cha dagaa chini, nainuka, nakwenda zangu. Mara ishirini, mara thelathini kwa siku, kiuno kilinikoma. Wiki ya kwanza alikimbilia pipani. Ya pili alisimama mbali, mguu mmoja juu. Ya tatu alikuja kabla sijainuka, nikamshika shingo kwa mara ya kwanza, nikahisi mapigo yake yanavyokwenda mbio.

Shingo hiyo ndiyo aliyoihitaji daktari wa mifugo. Pemba walikikata kichaa cha mbwa kwa chanjo, na hesabu ya wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Utamchanja vipi mbwa anayekimbia kila mkono unaoshuka? Mtoto anayerusha jiwe leo anamtoroshea daktari mbwa mmoja, na kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa mtu, ni nadra mno kupona. Wazazi wanaocheka pembeni walifikirie hilo.

Juzi kandambili ile ile ikakatika tena. Nikainama. Tende akaja mbio, akanusa kiganja, hakukuta dagaa, akanilamba mpaka kwenye kifundo. Nikaenda bombani. Mara saba, ya kwanza kwa udongo wa chini ya mwembe, na bibi jirani akinihesabia kutoka ukutani.