Nembo ni ya Nani, Injini ni ya Nani?

Katika steshenari nyingi za Buhongwa ipo printa ya leza, na usoni pake pana nembo ya kampuni. Mwanafunzi anayechapisha tasnifu na mtumishi wa umma anayeandaa nyaraka za zabuni huisoma nembo hiyo wakadhani wamemjua mtengenezaji. Historia ya mashine hii inakanusha dhana hiyo, na kanusho lake linaugusa mjadala wetu wa viwanda.

Wazo lilizaliwa Xerox, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mhandisi Gary Starkweather alitaka kuandika kwa mwanga wa leza juu ya drami ya fotokopi. Wakuu wake hawakuvutiwa, naye akahamia kituo cha utafiti cha kampuni hiyo huko Palo Alto. Mwaka 1977 Xerox ilitoa mashine ya 9700, yenye kasi ya kurasa mbili kwa sekunde. Lakini ilikuwa kubwa na ghali, isiyofaa ofisi ya kawaida.

Aliyeifikisha leza mezani ni Canon ya Japani. Mwaka 1982 Canon ilitoa fotokopi ndogo ambayo drami na wino wa unga vilikaa ndani ya katriji moja, hata mtumiaji akaweza kuibadilisha bila kumwita fundi. Juu ya ujuzi huo iliunda injini ya printa iitwayo CX. Mwaka 1984 HP iliitumia injini hiyo katika LaserJet, kwa dola 3,495. Mwaka 1985 Apple iliitumia katika LaserWriter, ikaongeza lugha ya PostScript ya Adobe, ikaiuza kwa dola 6,995. Nembo mbili zilishindana sokoni. Canon ilipata fedha kwa zote mbili.

Utegemezi huo haukuwa wa msimu mmoja. Zaidi ya miaka thelathini baadaye HP ilikuwa bado mteja wa injini za Canon, na mwaka 2017 ilinunua biashara ya printa ya Samsung kwa zaidi ya dola bilioni 1.

Tujitazame sasa. Pamba ya Kanda ya Ziwa, kwa sehemu kubwa, huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Mabondo ya sangara husafirishwa hadi Asia, na thamani huongezwa huko. Wapo watakaosema kwamba nchi yetu haiwezi kuwa Canon. Lakini Canon haikuanza na leza. Ilianza na kamera, ikaingia kwenye fotokopi, ikakijua kiungo kimoja kiasi kwamba wakubwa walilazimika kubisha hodi kwake. Sera ya viwanda inayohesabu majengo yaliyozinduliwa bila kuuliza ni kiungo gani tunakimiliki ni sera ya nembo.

Funzo hili lina kazi ofisini pia. Afisa ununuzi anayesifiwa kwa kuchagua printa ya bei nafuu ameulizwa swali nusu. Bei ya mashine hulipwa mara moja; katriji hulipwa maisha yote ya mashine. Zabuni za umma zipimwe kwa gharama ya kila ukurasa, na vyuo vyetu vifundishe kuifungua mashine na kuielewa, si kuitumia tu. Taifa lisilojua kilichomo ndani ya sanduku litaendelea kumlipa aliyekiweka.