Somo la Kware kwa Kliniki ya Wajawazito

Yai la kware wa Kijapani huanguliwa kwa siku 17 hivi, na kifaranga huanza kutaga akiwa na majuma 6 hadi 8. Kasi hiyo hutegemea sana homoni za tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Zikipungua, ndege hudumaa na utagaji hufifia. Zikizidi mno, hukonda, hunyonyoka manyoya na huacha kutaga.

Lililo zito zaidi ni hili: mama huweka homoni zake katika kiini cha yai, zikamlea kifaranga kabla tezi yake haijaanza kazi. Upungufu wa mama huwa urithi wa mwana.

Binadamu hatagi, lakini mimba changa nayo huishi kwa homoni za mama. Si haki, basi, kungoja goita ivimbe ndipo mjamzito aulizwe kuhusu chumvi anayotumia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apate mikrogramu 250 za madini joto kila siku. Swali hilo na liulizwe hudhurio la kwanza, kwani ubongo wa mtoto haungoji. Udongo uwahi uli maji.